Ndimu Isiguse Chokaa

Nyumba ya kale ya mwambao huanza kuharibika chooni na jikoni. Sebule yaweza kukaa miaka mia bila kudai zaidi ya kufagiwa, maana haijui maji wala moshi. Choo humwagiwa maji kutwa, jiko hupigwa na mvuke, mafuta na masizi, na vyote viwili husuguliwa kila asubuhi na mtu mwenye nia njema. Hapo ndipo penye tatizo. Katika nyumba nilizowahi kuingia Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu na Mombasa, vyoo vilivyoharibiwa na usafi vimezidi kwa wingi vile vilivyoharibiwa na uchafu. Kuta zimelika kwa asidi, sakafu imepoteza mng'ao wake, lipu imebanduka nyuma ya vigae vya dukani vilivyobandikwa ili kuficha unyevu. Na aliyefanya yote hayo alikuwa akiipenda nyumba yake.

Kwa hiyo rangi, vioo na taa vitasubiri. Sura hii inaanza na chokaa, kwa sababu karibu kila kitu kilichomo chooni na jikoni mwa nyumba hizo kimetokana nayo: ukuta, lipu, birika, zidaka, hata dari inayokanyagwa na walio juu. Anayeijua chokaa hahitaji kuambiwa dawa ipi ainunue na ipi aiache dukani.

Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa hadi kufikia joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi. Moto huo huifukuza hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe, kikabaki kitu chepesi, cheupe, chenye kiu kali ya maji. Kikimwagiwa maji huchemka chenyewe na kupasukapasuka mpaka kikawa uji mzito. Uji huo ukipakwa ukutani huanza kuivuta tena ile hewa ya ukaa kutoka angani, polepole, kwa wiki na miezi, hadi ukarudi kuwa jiwe.

Kabla haijakauka, chokaa ni kali sana. Kipimo chake cha pH hupita 12, na vijidudu vingi haviwezi kuishi katika ukali huo. Ndiyo sababu vyoo, visima na meko vilipakwa chokaa mpya mara kwa mara zamani, na mgonjwa akipona au maiti akitolewa chumba kilipakwa upya. Weupe ule tunaouita pambo ulikuwa pia dawa. Ikishakauka, nayo hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana, ambamo mvuke wa maji hupita kuingia na kutoka. Ukuta wa matumbawe huloa, kisha hukauka, huloa tena, hukauka tena. Umejengwa kwa ajili ya hilo.

Sasa tuingie chooni. Katika nyumba ya Lamu ya karne ya 18, choo ni chumba chembamba upande wa ndani, karibu na vyumba vya kulala. Upande mmoja pana jukwaa la chokaa lenye tundu la choo. Upande mwingine pana birika. Birika hilo ni tangi la mawe lililoegemezwa ukutani na kulainishwa kwa chokaa mpaka maji yasipenye. Chini kabisa, katikati ya sakafu yake, hufukiwa bakuli la kaure la Kichina, mdomo ukiangalia juu. Birika likisafishwa au maji yakipungua, kiasi kidogo hubaki ndani ya bakuli, na samaki wadogo wanaofugwa humo hupata pa kujisitiri. Samaki wenyewe kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Maji huchotwa kwa kata ya kifuu cha nazi chenye mpini mrefu. Ukutani pana kidaka cha kuwekea taa, kingine cha sabuni, na katika nyumba za wenye uwezo lipu yenyewe imechongwa nakshi.

Msomaji anayetaka kupamba choo kwa mtindo wa kale aliangalie birika hilo kwa makini kabla hajafungua gazeti lolote la mapambo. Bakuli la kaure ni zuri kupita kiasi, na halikuwekwa pale kwa uzuri tu. Lina samaki, samaki wana mbu, mbu wana homa. Uzuri wote wa choo kile una kazi namna hiyo. Kidaka kimekaa mahali mkono unapofika, na nakshi iko juu ya pale maji yanaporukia.

Na ustadi huu ni wa tangu zamani sana. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ambayo mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuyachimba mwaka 1948, nyumba zina vyoo vya shimo pamoja na mahali pa kujisafishia palipojengwa kwa mawe. Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa la mwanzoni mwa karne ya 14, bwawa la kuogea lina pembe nane na limejengwa mbele ya bahari. Unguja, Sultani Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu ya Kidichi mwaka 1850, akaipamba kwa lipu iliyochongwa maua na ndege. Binti yake, Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anazieleza hamamu za kasri ya Mtoni alikozaliwa: watu hawakuingia tu wakajimwagia maji na kutoka, bali walikaa humo saa nyingi wakisali, wakisoma, wakilala, wakila. Sultani Barghash naye aliwajengea watu wa mji hamamu ya wote, Hamamni, iliyotumika hadi karibu mwaka 1920, na akavuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini.

Nayataja haya kwa sababu wengi wanaotaka choo cha mtindo wa kale huagiza kila kitu kutoka katalogi za Uingereza, kana kwamba mwambao huu haukuwahi kuoga.

Turudi kwenye ukuta na adui yake. Chukua ndimu, ikate, kamulia tone moja pembeni mwa sakafu ya chokaa, mahali pasipoonekana. Utaona povu dogo likichemka. Povu lile ni ile hewa ya ukaa, inayotolewa safari hii na asidi badala ya moto, na kila linapochemka sehemu ya sakafu imeyeyuka. Siki hufanya vivyo hivyo. Ukwaju pia. Zile dawa kali za chooni zinazouzwa kwa chupa, ambazo nyingi zina asidi ya haidrokloriki, hufanya kwa dakika moja yale ambayo ndimu ingefanya kwa mwaka. Marumaru halisi, ile iliyokatwa mlimani, ni jiwe la jamii moja na chokaa, kwa hiyo huumia vilevile. Vigae vya kale vya saruji, vyenye maua na pembe nyingi, havikuchomwa tanuruni. Vilikandamizwa kwa mashine na kuachwa vikauke, na rangi yake ni tabaka la milimita chache tu. Asidi huila rangi hiyo kwanza. Terazo nayo ni vipande vya marumaru ndani ya saruji, hivyo hali ni ileile.

Mtu humwaga asidi kwa sababu matokeo yake huonekana papo hapo. Doa linatoka, sakafu inaonekana mpya. Ukweli ni kwamba doa limeondoka pamoja na uso wa jiwe lililolibeba, na uso uliobaki una vinyweleo vipana zaidi, hivyo uchafu wa kesho utaingia ndani kuliko wa jana. Baada ya wiki sakafu ni chafu kuliko mwanzo, mtu anaongeza asidi, na mchezo unaendelea mpaka sakafu inakwaruza nyayo.

Dawa ya sakafu na ukuta wa chokaa ni maji, sabuni ya kipande na dodoki. Sabuni ya kawaida iliyotengenezwa kwa mafuta ikikutana na chokaa hufanya utando mwembamba usioyeyuka katika maji. Mafundi wa Marrakech, Moroko, wamejenga sanaa nzima juu ya jambo hili: lipu yao iitwayo tadelakti husuguliwa kwa jiwe laini ikiwa bado na unyevu, kisha hupakwa sabuni nyeusi ya mafuta ya zeituni, na ukuta huacha kunywa maji. Huku kwetu pia fundi mzuri wa chokaa husugua lipu ya chooni kwa jiwe mpaka ing'ae, na sabuni ya kila siku hukamilisha kazi yake bila mtu kujua. Ukitaka kujenga mahali pa kuogea leo pasipo kigae hata kimoja, mtafute fundi huyo kabla hujaenda duka la vifaa. Wapo, na Lamu bado wanafundisha vijana.

Kuvu jeusi linalotambaa kwenye pembe za ukuta lina dawa ya aina mbili. Ya haraka ni klorini iliyozimuliwa, ambayo haiyeyushi chokaa, ikipakwa kwa brashi, ikaachwa kidogo, ikaoshwa vizuri. Lakini nakuomba usahau kila kitu katika sura hii na ukumbuke hili moja: klorini isikutane kamwe na asidi, wala ndimu, wala siki, wala dawa ya chooni. Vikichanganyika hutoa gesi ya sumu, na choo cha kale ni chumba chembamba chenye dirisha dogo. Ya kudumu ni kufungua dirisha hilo na kupaka chokaa mpya. Kuvu halioti kwenye chokaa mbichi, na ukuta unaopata hewa hukauka kabla halijapata nafasi.

Bakuli la choo la kaure na sinki la kaure havidhuriki kwa asidi kidogo, kwa hiyo ule ukoko mweupe wa maji ya chumvichumvi waweza kuuondoa kwa siki ukiwa mwangalifu wa matone. Bafu la kale la chuma lenye miguu ni jambo jingine. Weupe wake ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, na asidi hukifanya kiwe butu. Hilo lisuguliwe kwa magadi yaliyokandwa na maji na kitambaa laini, bila unga wowote wenye chengachenga, bila waya wa kusugulia sufuria.

Adui wa pili ni saruji. Sisemi hivyo kwa kuichukia; nyumba za leo zisingekuwepo bila saruji. Lakini saruji ni ngumu kuliko matumbawe na haipitishi mvuke kama chokaa. Ukipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe, maji yanayopanda kutoka ardhini na yanayoingia kutoka juu hukosa pa kutokea. Huleta chumvi pamoja nayo, maana ukuta uko karibu na bahari na mara nyingi ulijengwa kwa mchanga wa pwani. Chumvi hiyo hujikusanya nyuma ya saruji, ikaganda kuwa fuwele, fuwele zikapanuka na kusukuma. Lipu mpya hupasuka, hutoa unga mweupe, kisha hudondoka na kipande cha ukuta wa kale kikiwa kimeng'ang'ania mgongoni mwake. Rangi ya mafuta hufanya madhara hayohayo kwa kimya zaidi: hutuna malengelenge.

Gonga ukuta wa choo chako kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini kwenda juu. Palipo na sauti nzito pako salama. Palipo na sauti tupu lipu imeshaachana na ukuta, na kigae chochote utakachobandika hapo kimebandikwa hewani. Saruji hiyo ing'olewe kwa patasi ndogo, kidogo kidogo, ukuta uachwe wazi ukauke, chumvi inayojitokeza ipigwe brashi kavu na kukusanywa, isioshwe. Ukiosha, chumvi inayeyuka na kurudi ndani. Huu ni wakati mgumu kwa mwenye nyumba, kwa sababu choo kinakaa uchi kwa miezi na wageni wanauliza. Avumilie. Na kama rangi inayobanduliwa ni ya mafuta na ni ya miaka mingi, asiisugue kwa msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, na vumbi lake huwadhuru hasa watoto. Ilowanishwe, ikwanguliwe, na makombo yafungwe mfukoni.

Halafu kuna maji yenyewe. Choo cha birika na kata kilitumia ndoo moja kwa mtu mmoja, na maji hayo yalimwagika sakafuni tu. Shawa hutoa lita nane au kumi kila dakika na kurusha mvuke mpaka darini. Ukiiweka shawa ndani ya chumba kilekile bila kufikiri, umeuongezea ukuta kazi mara kadhaa. Bomba likifukiwa ndani ya ukuta wa matumbawe, tundu dogo kama la sindano litavuja miaka miwili kabla doa halijaonekana upande wa pili, na wakati huo ncha za boriti zilizoingia ukutani zimeshaoza. Boriti za mikoko hubeba dari zote za nyumba hizi, na ndizo zilizoamua upana wa vyumba, kwa vile haziwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Ncha zikioza, chumba kimekwisha.

Nashauri bila kusita: mabomba yapite nje ya ukuta, yaonekane. Bomba la shaba lililonyooka, likashikwa kwa vishikizo vya shaba, lina sura ya kale kuliko pambo lolote la kununua, na likivuja utaliona siku hiyohiyo. Tangi la maji lisikae juu ya boriti. Lita 1000 ni tani moja. Bafu la chuma lenye miguu, likiwa na maji na mtu ndani, laweza kupita kilo 300, kwa hiyo mahali pake ni ghorofa ya chini, juu ya ardhi imara. Kabla hujabadili chochote cha namna hiyo Unguja, Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, ina haki ya kuulizwa. Mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Lamu tangu 2001. Kibali chake kina faida hata kwako, kwa sababu hukukutanisha na mafundi waliokwisha kuona boriti zilizooza.

Jikoni mambo ni mepesi kidogo, kwa kuwa adui mkubwa hapo ni mafuta na masizi, navyo vinatoka. Nyumba ya Lamu iliweka jiko juu kabisa, kwenye kidari cha meko, chini ya paa la makuti. Moshi ulipanda ukaenda zake, joto halikuingia vyumbani, na wanawake walipika wakiwa kwenye upepo wa bahari na wakizungumza na jirani wa paa la pili. Aliyehamishia jiko kwenye chumba cha chini kisichokuwa na dirisha, kisha akalalamika kwamba kuta zinanata, amelitoa jiko mahali palipochaguliwa kwa akili nyingi. Kama paa lako bado lipo, rudisha jiko juu, ila mtungi wa gesi na moto wake vikae mbali na makuti, chini ya sehemu iliyoezekwa kwa kitu kisichoshika moto.

Ukuta wenye masizi usianze kuoshwa kwa maji, maana maji huyasukuma masizi ndani ya vitundu vya chokaa. Upigwe kwanza kwa mfagio laini mkavu, kutoka juu kwenda chini, sakafu ikiwa imetandikwa gunia. Kinachobaki kikiwa na mafuta, maji ya majivu yaliyochujwa huyakata vizuri, kwa sababu majivu yana ukali wa jamii ya chokaa, nayo hugeuza mafuta kuwa kama sabuni. Vaa glavu. Baada ya hapo paka chokaa, na usishangae rangi ya chai ikijitokeza kwenye mkono wa kwanza na wa pili. Hiyo ni lami ya moshi. Mkono wa nne au wa tano utaifunika.

Sasa tumefika kwenye vyombo, na hapa ndimu hupata heshima yake. Shaba iliyofifia hurudi kung'aa kwa nusu ya ndimu iliyochovywa chumvi, au kwa ukwaju na majivu laini, kama ilivyofanywa katika kila nyumba iliyokuwa na masinia na madele ya kahawa. Asidi ileile inayoila sakafu huondoa tabaka jeusi la shaba na kuiacha inacheka. Chombo kioshwe mara moja kwa maji mengi na kukaushwa kwa kitambaa, la sivyo kitaota ukijani. Kazi hiyo ifanyiwe uani, juu ya beseni, kamwe si juu ya sakafu ya chokaa au kizingiti cha marumaru. Nimeona jiko zuri sana ambalo sakafu yake ilikuwa na duara jeupe lililobonyea, mahali ambapo kwa miaka mingi mtu mwaminifu alikaa akisugua masinia.

Sufuria ya shaba ya kupikia ina sharti lake. Ndani lazima iwe imepakwa bati, kwa sababu nyanya, ukwaju na maziwa yaliyochacha huing'oa shaba na kuitia katika chakula. Ndani isisuguliwe kwa kitu kikali hata siku moja. Maji ya moto na sabuni vyatosha. Wekundu wa shaba ukianza kuchungulia kupitia bati, sufuria ipelekwe kwa fundi ikapakwe upya, au istaafu na kupanda kwenye kidaka. Dele lenye nakshi za zamani lisisuguliwe kila wiki. Kila kusugua huchukua kidogo, na nimeshika madele ambayo maandishi yake yamebaki kuhisiwa kwa kidole tu. Sahani na vikombe vya bati vilivyobabuka visipikiwe wala kulishiwa watoto. Vile vyenye wekundu na njano kali vya zamani huenda vina madini yenye sumu katika rangi zake, basi vining'inizwe na kutazamwa.

Kinu, mchi, mbuzi, ungo, kawa na kifumbu ndivyo vinavyolifanya jiko la mwambao lijulikane kwa jicho moja, na sipendi kuviona vimepakwa vanishi na kugandishwa ukutani kama vile vimekufa. Kinu kinachotwangwa hakioti ukungu. Kioshwe haraka, kisilowekwe, kikaushwe kivulini, maana jua kali hupasua mti. Kawa za ukindu zenye rangi zitundikwe mahali upepo unapopita, zikitumika siku za wageni. Kibao cha mbuzi kikae sakafuni karibu na meko, ulimi wake wa chuma ukiwa umekaushwa na kupakwa mafuta kidogo.

Kuhusu kaure za zidaka, neno moja. Sahani za Kichina zilizokaa katika zidaka za ndani ya nyumba za Lamu na Pate zilikuwa mali na kinga, na nyingi zimeshaibwa katika magofu, zikiwemo zilizobanduliwa kwenye makaburi na mabirika. Nchini Kenya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inazilinda. Usinunue kipande ambacho muuzaji hawezi kueleza kilikotoka. Bakuli jipya la buluu na nyeupe, lililonunuliwa sokoni kwa bei ya kawaida, likifukiwa katika birika jipya, linafanya kazi ileile na samaki hawalalamiki.

Rangi ni chache, na uchache huo ndio uzuri wake. Msingi ni weupe wa chokaa. Ukitaka weupe uwe baridi, tia buluu ya kufulia kidogo kwenye ndoo. Rangi hiyo huvumilia ukali wa chokaa, ingawa asidi huiua. Ukitaka joto, tia udongo mwekundu au wa manjano uliochekechwa. Boriti za dari zapakwa nyeusi na nyekundu kwa desturi, lakini chooni ningeziacha zipumue, zikipakwa mafuta ya mti tu. Kioo kimoja kikubwa chenye fremu ya mti wa mvule chatosha. Vidaka vya bandia vinavyopigwa kwa saruji mfululizo kutoka sakafuni hadi darini, kila kimoja na taa yake ya rangi, huondoa kile kilichovifanya vile vya kale vipendeze: kila kimoja kilikuwa na kitu chake.

Si kila aliye na nyumba ya zamani ana nyumba ya mawe. Wengi Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanaishi katika maghorofa ya miaka ya 1950 na 1960, yenye sakafu za terazo, masinki mazito ya kaure na vigae vidogo vya kijani au waridi chooni. Vitu hivyo vinang'olewa kila wiki na kutupwa, vikiachia nafasi vigae vyembamba ambavyo havitafika nusu ya umri wao. Terazo iliyochoka haihitaji kufunikwa. Isuguliwe kwa mashine yenye jiwe laini na maji, ioshwe, ipakwe nta nyembamba, nayo itaonyesha vipande vyake vya rangi kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Kigae kimoja kikivunjika, mahali pake pajazwe kwa kigae kilichotolewa nyuma ya mlango.

Kazi ya chokaa isifanywe wakati wa masika, ukuta ukiwa umejaa maji, wala wakati wa kaskazi, jua likikausha mkono kabla haujashika. Kipupwe, kuanzia Juni, ndicho wakati wake. Chokaa itiwe kwenye maji, si maji kwenye chokaa, nawe uwe na miwani ya kukinga macho, maana tone moja jichoni ni hatari kubwa. Ichekechwe, izimuliwe mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Ukuta ulowanishwe kwanza. Mkono wa kwanza utaonekana kama maji tu na utadhani umepoteza siku. Subiri hadi kesho, utakuwa mweupe. Jiko litangulie, kwa kuwa lina masizi yatakayoanguka, kisha ngazi, choo kiwe cha mwisho. Uji mzito utakaobaki utie kwenye ndoo yenye mfuniko, juu yake pawe na maji ya kimo cha vidole vinne ili hewa isiufikie. Unadumu miaka, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa laini. Shaabani ikikaribia kwisha, chota kijiko kimoja humo, zimua, na upake zile pembe za choo ambazo kuvu limeanza kuzitafuta.